Jina Lisiloitikiwa, Mlango Haufungwi

Hadija mwanangu,

Umekwenda Mushasha kuwaaga walimu wako, nami nimebaki na begi lako. Nililifungua ili nilipange upya, maana wewe hukunja nguo kama mtu anayefukuzwa. Chini kabisa, ndani ya kitenge cha kijani, nimekuta kisu cha marehemu baba yako, kile alichokatia ngozi na karatasi alipokuwa akijalidi vitabu. Nimekaa nacho mapajani tangu uondoke, na chai yangu imepoa.

Kumbe juzi jikoni sikusikia vibaya. Ulisema ukifika Muyinga na kumwona Mzee Venant, kitu cha kwanza hakitakuwa salamu. Nilidhani ni hasira ya mtoto wa Ramazani, hasira inayochemka haraka na kupoa kabla ya ugali kuiva. Sasa naona umeifungia safari.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji wala za kukaa katikati ya msafara, si mbele wala nyuma. Hayo unayajua, na risasi za njia ya Muyinga hazichagui kiti. Nataka nikujibu lile swali ulilonirushia: "Mama, uliwezaje kufanya kazi miaka yote ile na mtu aliyemfungia baba mlango?" Nikakuambia ukoroge maharagwe yasishike chini. Hilo halikuwa jibu. Nilikuwa na woga, basi.

Wewe ulikuwa mdogo, unakumbuka zaidi kwamba wazazi wako wote wawili walitoka asubuhi kwenda kwenye vitabu. Maktaba ya chuo chetu hapa Gitega ilikuwa na chumba kikubwa cha kusomea, na nyuma yake chumba cha kuhifadhia vitabu, ambacho sisi tulikiita magasin, kama Wafaransa. Wanafunzi hawakuingia humo. Mimi nilikaa kwenye meza ya kuazimia, nikipokea ombi na kugonga muhuri. Baba yako alikuwa fundi wa kujalidi. Mama Furaha, yule Mkongomani wa Uvira mwenye kicheko cha kuamsha mtaa, alipanga rafu. Venant alikuwa mkubwa wetu, mtu mkavu, asiyesema mengi, na ufunguo wa magasin ulikaa shingoni mwake kwenye kamba ya viatu. Magasin haikuwa na dirisha. Ilikuwa na mlango mmoja tu wa chuma.

Jumamosi moja Mama Furaha alisinzia nyuma ya magazeti ya zamani, na Venant akafunga akaenda zake. Tulimkuta Jumatatu. Alitoka na gazeti limekunjwa mkononi, akamchapa nalo Venant mabegani mbele yetu sote. "Venant, we iko mutu ao iko jiwe? Mi nalala na panya, na we unakula nyama kwako!" Tulicheka mpaka tukaketi chini. Lakini baba yako hakucheka sana. Alisema, "Basi tangu leo mwenye ufunguo aite majina. Jina lisiloitikiwa, mlango haufungwi." Ikawa desturi yetu. Kila jioni Venant alisimama mlangoni na ufunguo, akaita mmoja mmoja, nasi tukaitika "Niko!" Baba yako aliivuta kama mwadhini, "Nikooo," na Mama Furaha akamwambia aache kelele, Mungu hayuko kiziwi.

Hutaniamini, lakini saa ile ndiyo niliyoipenda kuliko saa zote za kazi. Mshahara ulichelewa hata tukasahau ulikuwa wa mwezi gani. Mkurugenzi wa chuo hakulijua jina langu, aliniita "madame wa vitabu". Gundi ikiisha, baba yako alipika uji wa muhogo nyumbani na kuupeleka kazini kwenye kopo la maziwa. Lakini jioni mtu mmoja alisimama mlangoni na kukataa kwenda kwake mpaka asikie sauti yangu. Mtu anaweza kuvumilia mengi kwa kitu kidogo kama hicho.

Kisha nchi ikaanza kujichinja.

Sitakuandikia kabila gani lilimwinda lipi siku ile. Mwaka uliofuata walibadilishana zamu, na wote waliokufa walikuwa na kadi za maktaba. Ilikuwa mchana. Kundi la wanafunzi liliingia chumba cha kusomea na marungu, nondo, na panga moja au mbili, wakiwatafuta wanafunzi wenzao. Walijua nani hukaa wapi, kwa sababu walisoma nao meza moja. Niliona kiti kikivunjwa juu ya kichwa cha msichana niliyekuwa nimemwazimisha kitabu cha kemia asubuhi hiyo hiyo. Hakupiga kelele. Alianguka na kitabu amekikumbatia.

Tulikimbilia magasin. Baba yako alikuwa dirishani akikusanya vitabu vilivyochanika ili avipeleke mezani kwake. Nilimwona anakuja nyuma yetu, nikaamini ameingia. Venant akaubamiza mlango na kuzungusha ufunguo. Hakuita majina.

Halafu tukasikia mlango unagongwa. Haukuwa ugongaji wa wale wauaji. Ulikuwa wa kiganja, wa polepole, kama wa jirani anayekuja kuomba chumvi. "Venant, fungua. Ni mi, Ramazani."

Hadija, nilimrukia Venant. Alikuwa ameukamata ufunguo kwa mikono miwili, nikamng'ata mpaka damu yake ikanijaa mdomoni. Mama Furaha alinikumbatia kiunoni kwa nyuma, mtu mwingine gizani akaniziba mdomo. "Zena, tutakufa wote, dada, tutakufa wote," Mama Furaha alininong'oneza, machozi yake yakiniingia sikioni. Nje baba yako aliita mara nyingine, "Venant." Jina tu, bila kuomba. Kisha nondo zikamfikia. Nilisikia yote. Mlango ule wa chuma haukuzuia chochote isipokuwa mwili wake. Damu ilipita chini ikalowesha vitabu vya rafu ya chini, nami nilikuwa nimelala sakafuni, nikaona inavyokuja kwa mwanga wa chini ya mlango.

Askari walifika jioni, ndipo Venant akafungua. Tulitoka hai sote tuliokuwa ndani, wafanyakazi na wanafunzi waliojificha kati ya rafu. Hapo ndipo chuki yangu inapokwama hata leo. Kama angefungua, nisingekuwepo kukulea. Najua hivyo na sitaki kujua.

Tulitaka kumzika baba yako Makebuko, kwa wazee wake. Njia ilikuwa imezibwa kwa miti iliyokatwa, na kwenye mti wa kwanza vijana waliwapiga wajomba zako kwa ubapa wa panga mpaka mmoja akapoteza jino. Tulimrudisha maiti kwenye kigari cha mkono, tukamzika hapa Nyamugari, imamu akisali haraka kwa sababu ya milio ya bunduki. Wewe ulishika pindo la kanga yangu ukauliza kwa nini baba amefunikwa uso.

Maktaba ilipofunguliwa tena nilirudi. Watu walisema Zena hana moyo. Nilirudi kwa sababu ulikuwa unataka kula, mwanangu, hakuna hekima nyingine hapo. Mkurugenzi alituita mkutanoni. Alikuwa amesoma mahali kwamba wafanyakazi wa maktaba wanafanya vizuri wakiwa na furaha, akatuambia, "Nataka muwe motivés, muwe na ari." Akaahidi cheti kwa mfanyakazi bora na akagawa Fanta. Akauliza kama tunaipenda kazi yetu. Ni Mama Furaha tu aliyejibu. "Monsieur le directeur, mi napenda kazi. Ni kazi ndo haiko inanipenda." Watu walicheka. Mimi nilikuwa naitazama ile Fanta ya machungwa, na sakafu chini ya miguu ya mkurugenzi, ambayo nilikuwa nimeisugua kwa mchanga na majivu mikono ikachubuka. Sikuinywa.

Jioni hiyo Venant alisimama mlangoni. Mkono wake ulikuwa bado na alama za meno yangu. Akaita Mama Furaha, akaita wengine, akaniita mimi, nikaitika kwa mazoea. Kisha akaita, "Ramazani!"

Nilikuwa na muhuri mkononi, ule wa chuma, mzito. Nilimpiga nao usoni kwa nguvu zangu zote. Nyusi ikapasuka na damu ikamfunika jicho. Ukimwona Muyinga, tazama jicho la kushoto, utaona kovu. Ni mimi niliyemtia. Na nilitaka kumpiga tena, nisikufiche, nilitaka kumpiga mpaka asiwe na uso wa kutazamwa. Hakujikinga. Hakujifuta. Alisema tu, "Hajaitika. Siwezi kufunga."

Akavuta kiti akakiweka mlangoni, akakaa. Saa ya amri ya kutotembea usiku ilikuwa imekaribia, tukamwacha hapo. Asubuhi tulimkuta pale pale, damu imemkaukia shingoni. Jioni iliyofuata aliita tena, hakuna aliyeitika, akavuta kiti tena. Ikawa hivyo. Mji mzima unajifungia ndani kwa makomeo na mawe, na mzee mmoja amekaa mbele ya mlango ulio wazi, hana hata fimbo. Nami nilikwenda nyumbani nikifurahi. Nilitamani waje.

Mwaka ule nilikuwa mbaya, mwanangu. Niliitazama mikono ya kila mwanafunzi aliyekuja mezani kwangu, nikijiuliza ilishika nini siku ile. Niliwaficha vitabu watu ambao sura zao hazikunipendeza, nikawaambia vimeazimwa. Kazi ikiingiwa na sumu, haimdhuru mtu mmoja tu. Wenzangu walianza kuchelewa, kujisingizia malaria, kuomba uhamisho, na wengine waliondoka kwa sababu yangu, si kwa sababu ya vita. Hilo sikuliona wakati ule.

Siku moja alikuja kijana wa sweta nyekundu. Mmoja wa wale wenye nondo alikuwa na sweta nyekundu, na hilo lilinitosha. Alipoomba kitabu nilimrushia usoni, kitabu kinene cha historia, na pua yake ikatoka damu juu ya meza yangu. Kijana alikiokota, akakifuta kwa mkono wa sweta, akasema, "Mama, mi ndo nilisukumwa."

Sikumwelewa. Akainama karibu. "Mzee wa kujalidi alinisukuma ndani ya magasin. Yeye alishaingia, mama. Mguu mmoja ulikuwa ndani. Halafu alisikia mwingine analia chini ya meza, akarudi."

Niliomba ruhusa nikaenda kujifungia chooni. Miezi yote nilikuwa nimejiambia kwamba Venant alimfungia baba yako nje. Sikuwa nimepata kufikiri kwamba baba yako alikuwa ameingia. Nilimkasirikia, Hadija, nilimkasirikia marehemu, nikamwambia mwenyewe pale chooni, "Na mimi je? Na mtoto je?" Nilipiga ukuta mpaka vifundo vikavimba. Bado kuna siku namwuliza. Lakini jioni ile Venant alipoita jina, sikuweza kumtazama kwa jicho lile la zamani, wala sikuweza kuitika. Nilishika njia nikaenda.

Na usiku huo wale niliotamani waje wakaja. Watu wenye bunduki, wa upande gani sijui. Walitaka mashine ya kuchapia na karatasi. Walimkuta mtu kwenye kiti, wakamvunja mkono kwa kitako cha bunduki, wakamkanyaga kifuani na kumwacha amelala kizingitini. Asubuhi mimi ndiye niliyefika wa kwanza. Nilisimama juu yake. Mfupa ulikuwa umesukuma ngozi. Nilisubiri ile furaha niliyokuwa nimeiweka akiba. Haikuja.

Mama Furaha alimfunga mkono kwa kipande cha kitenge na mbao za rafu, kisha akanivuta pembeni. "Donc, Zena, unataka nini? Afe na yeye, ndo itakuwa sawa? Itika jina la mumeo, dada. Kama si kwa yeye, itika kwa sababu ya ule mlango."

Jioni Venant alisimama, mkono mmoja umening'inia kifuani, ufunguo kwenye mkono wa pili. Uso wake ulikuwa wa majivu. Tulimwambia aende kwake, akakataa. Akaita majina. Akaniita, nikaitika. Akaita, "Ramazani!"

"Niko," nilisema.

Sauti ilitoka vibaya, kama mlango wenye kutu. Venant akafunga, kwa shida, kwa mkono ule mmoja, na hakuna aliyemsaidia kwa sababu tuliona hataki kusaidiwa. Tukatoka kila mtu na njia yake bila kuagana. Sikuwa nimemsamehe. Mpaka leo kuna siku namchukia tangu alfajiri mpaka niingie kitandani, na kuna siku namhurumia, na siku nyingi simkumbuki kabisa. Lakini tangu jioni ile, kila jioni, niliitika mara mbili, kwa jina langu na kwa la baba yako. Wafanyakazi wapya walikuja wakakuta hivyo. Hawakuuliza, nao walibaki. Tukarudi kuchekeana polepole. Mama Furaha akaanza tena kuniibia karanga.

Ulitaka kujua niliwezaje. Niliweza kwa sababu mahali pale, kila siku, jina la mume wangu lilisemwa kwa sauti na mtu aliyekuwa na haki ndogo kuliko wote ya kulisema, na alilisema akijua nina muhuri mkononi. Huku mtaani watu waliniambia nisahau, nimshukuru Mungu, niolewe. Kazini hakuna aliyeniambia nisahau. Cheti cha mkurugenzi nilikuja kukipata, unakijua, ndicho ulichokuwa ukichorea paka nyuma yake.

Sasa lile ambalo sikukuambia. Venant alipopelekwa Muyinga kuanzisha maktaba ya tawi jipya, nilidhani mambo yameisha. Lakini Mama Furaha anauza vitenge huko siku hizi, na mwezi uliopita alipopita hapa alinieleza. Mzee bado anaita. Anaita vijana wake wa kazi, wanaitika wakicheka, kisha anaita Ramazani, na hakuna Ramazani Muyinga. Wao husema, "Mzee iko na majini yake," wanachukua mifuko wanakwenda. Naye anavuta kiti. Mlinzi humsihi afunge, hafungi. Na Muyinga nako bunduki hulia, unajua.

Wiki hiyo hiyo dereva akaniletea ujumbe wake: amesikia binti wa Ramazani amemaliza masomo, anahitaji mtu wa kazi, nami nisipotaka ataelewa. Nikakubali kabla sijakuuliza. Uliniita msaliti. Kazi unaiweza, na ungeipata hata kama baba yako angekuwa mtu mwingine. Lakini si kweli kwamba sikumfikiria yule mzee kwenye kiti chake.

Kisu nimekinoa. Nimekipaka mafuta na kukirudisha ndani ya kitenge cha kijani, pale pale ulipokificha. Mama Furaha anasema vitabu vya huko vimeoza migongo na hawana fundi, na wewe ulianza kujifunza kujalidi ungali unanyonya kidole, chini ya meza ya baba yako. Siwezi kukuvua silaha mkononi, Hadija. Hakuna aliyenivua mimi.

Siku ya kwanza, saa ya kufunga, atasimama mlangoni. Ataita wale vijana, ataita jina lako, nawe utaitika kwa kuwa ni kazi. Kisha ataita la baba yako, na damu itakupanda kichwani. Yangu ilipanda. Wenzako watakuwa wanakutazama. Ukinyamaza sitakulaumu, nitakuwa wa mwisho kukulaumu, naye atavuta kiti chake. Ukitaka kuitika, usiitike kama nilivyoitika mimi, kwa sauti ya mtu anayenyongwa. Ivute, kama alivyoivuta mwenyewe, mpaka huko nje sokoni Mama Furaha aisikie aseme Mungu hayuko kiziwi.

Nakusikia uani ukimsalimia jirani. Nafunga begi kabla hujaingia. Huku nyumbani sina ufunguo shingoni, lakini kila jioni nitasimama mlangoni nikuite, na komeo sitalitia mpaka mtu anayetoka Muyinga aniambie amekuona. Nawe kukiwa na giza, niite.

Niko.

Mama yako,
Zena